Ubeti ni Nyumba ya Nani?

Mwanafunzi yeyote wa sekondari atakuambia kwamba ubeti wa utenzi una mishororo minne. Hiyo nne siigombi. Nagombana na neno "mishororo", na shahidi wangu ni ubeti wenyewe, yaani jina lake.

Kwa Waarabu, bayt ni nyumba, na kwa wahamaji wa jangwani nyumba ni hema. Elimu ya arudhi aliyoipanga Al-Khalil bin Ahmad huko Basra, katika karne ya 8, imejaa vifaa vya hema: visehemu vya sauti huitwa kamba na vigingi, na kila nusu ya bayt huitwa misraa, ubawa wa mlango. Mabawa mawili, nyumba moja, na nyumba hiyo ni mstari mmoja tu. Mwishoni mwake hukaa kina ambacho hurudi kasida nzima, hata ikiwa na mistari mia.

Waajemi na Waturuki waliichukua bayt na nusu zake mbili. Wayahudi wa Andalusia, walipoanza kutunga kwa mizani ya Kiarabu katika karne ya 10 wakimfuata Dunash ben Labrat, walihama na hema zima: nusu ya kwanza wakaiita mlango, ya pili kifungio. Lakini Kiebrania cha leo kikisema bayit katika ushairi, kinakusudia fungu la mistari, kama sisi. (Kule Malta, bejt ni paa. Nyumba yote imekwenda, limebaki la juu!)

Mswahili akitamka ubeti hasikii nyumba. Nyumba kaiacha kwenye baitulmali, na kwenye Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash Unguja mwaka 1883. Sarufi nayo imelifanya neno kuwa mwenyeji: ubeti na beti, kama ukuta na kuta.

Je, maana imehama kutoka mstari hadi fungu? Katika shairi la tarbia, ndiyo. Kila mshororo wake una ukwapi na utao, kwa kawaida mizani nane kwa nane, kwa hiyo mshororo mmoja peke yake ungetosha kuitwa bayt. Sisi tumeweka minne chini ya jina moja.

Utenzi ni habari nyingine. Tazama umbo lake: vipande vinne, aghalabu vya mizani nane, vitatu vya mwanzo vinapatana vina, cha nne kinajitenga na kuchukua kina ambacho beti zote zitakirudia hadi tamati. Kina hicho twakiita bahari. Sasa, katika kasida, kina kinachotawala utungo mzima hukaa wapi? Mwisho wa bayt. Basi ubeti wa utenzi ni bayt moja iliyotiwa vina vya ndani, ufundi ambao Waarabu nao wanao na huuita musammat. Hapa neno halikuhama hata hatua moja.

Hati za kale za herufi za Kiarabu zinaiunga mkono hoja hii: mara nyingi ubeti mzima ulikaa kwenye mstari mmoja, vipande vikitengwa kwa alama ndogo. Ni uchapaji wa herufi za Kirumi uliozoesha macho yetu kuona ngazi nne fupi. Hasara yake iko masikioni. Vina vitatu vya mwanzo kazi yake ni kumweka msikilizaji juu, akingoja. Bahari ndiyo inayomtua. Msomaji anayeshusha sauti kila mwisho wa kipande humtua mara nne, na bahari ikifika haina tena cha kutua. Ndipo tenzi husemwa kuwa zinachosha, ilhali kinachochosha ni namna ya kuzisoma.

Kwa hiyo walimu, tufundisheni vipande vinne vya mshororo mmoja. Nanyi wachapishaji, toeni japo utenzi mmoja ambao kila ubeti umelazwa kwenye mstari wake.