Waimbaji Wanawake na Masikio Yetu

Mwanafunzi wa sekondari akipewa wimbo wa taarabu auchambue, kazi aifanyayo yajulikana. Huyanakili maneno, huhesabu mizani, hupigia mstari vina vya kati na vya mwisho, hutaja dhamira na tamathali za usemi, kisha huikamilisha karatasi yake pasipo kulitaja hata mara moja jina la mwanamke aliyeuimba. Hatumlaumu mwanafunzi huyo. Ndivyo alivyofundishwa, na sisi tulio washairi tuna sehemu yetu katika mafundisho hayo, kwani kwa miaka mingi tumeuhesabu wimbo kuwa ni shairi lililovishwa ala, na mwimbaji kuwa ni tarishi aliyetumwa kufikisha barua ya mtu mwingine. Katika makala haya twataka kuipinga kauli hiyo, ambayo sisi wenyewe tuliishikilia kwa ukaidi, na kuonyesha ya kuwa waimbaji wanawake wa taarabu na wa dansi wamezitunga nyimbo zao mara ya pili kwa sauti zao. Asiyewasikiliza hawajui, hata akiwa ameyahifadhi maneno yote.

Mfano wa kwanza hauna budi kuwa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani, akapewa jina la Mtumwa. Alikuwa akichukua vyungu kuviuza mjini, na mwaka 1911 akahamia huko mjini. Wakati huo taarabu ilikuwa muziki wa kasri na wa waungwana, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, ndiye aliyempeleka kijana wake mmoja Misri ajifunze muziki huo, na chama cha Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905 kilikuwa chama cha wanaume. Basi mwanamke wa shamba, asiye na nasaba ya kujivunia, akiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa namna hiyo, alikuwa amevuka nyua nyingi kwa hatua moja. Watu walimkebehi kwa wimbo kuwa ametoka shamba na kaniki yake. Naye akawajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay pamoja na wapigaji wake, akaimba katika santuri za His Master's Voice, naye ndiye ahesabiwaye kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na wasomaji wetu wengi wamemjua Siti kwa kupitia kitabu hicho.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Tumemsoma Siti kuliko tulivyomsikia. Wasifu hutupa maisha na tabia ya mtu. Hauwezi kutupa sauti yake. Na santuri zenyewe zahitaji subira. Msikilizaji wa leo akizisikia mara ya kwanza husikia mkwaruzo, kama mtu akaangaye samaki chumba cha pili, na ndani ya mkwaruzo huo sauti nyembamba, ya juu, ipitayo puani kidogo. Wengi huishia hapo na kusema kwamba sifa za Siti zilitiwa chumvi. Yafaa wakumbuke jambo moja. Upande mmoja wa santuri za zama hizo ulichukua muziki wa dakika tatu hivi, wala si zaidi ya hapo sana. Wimbo wa taarabu katika hadhara haukujua mpaka wa namna hiyo: mwimbaji aliweza kurudia kipande kimoja mara tatu au nne, kila mara kwa pambo jingine, akiwatazama watu wake ili ajue kama wameshiba au bado. Santuri imetuhifadhia mifupa ya uimbaji wa Siti. Aisikilizaye huku akijua hivyo ataanza kusikia namna alivyolazimika kubana pumzi ili aumalize ubeti kabla sindano haijafika mwisho, na namna alivyopata nafasi, ndani ya uchache huo, ya kuizungusha silabi moja mara mbili ilhali wapigaji wanamsubiri. Katika wimbo uitwao Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke na kutoroka kwa muuaji, habari yote ingetosha kusomwa gazetini. Ila gazeti halina uwezo wa kukawia juu ya jina la mtu hadi jina hilo likawa shutuma.

Fatuma binti Baraka, tunayemjua sote kwa jina la Bi Kidude, alifuata njia hiyo ya Siti na kuziimba nyimbo zake, lakini sauti yake ni jinsi nyingine kabisa: nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na ngoma. Na ngoma ndiyo iliyomlea. Alikuwa mpigaji wa msondo katika unyago, na nyimbo za huko si zetu sisi wanaume kuzieleza. Hatukuingia wala hatukualikwa. Twasema tu kuwa hata alipoketi jukwaani na kundi la taarabu, mwenye kusikiliza vyema alimsikia akiusukuma wimbo kwa mapigo, mahali ambapo Siti angeuvuta kwa pambo. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na alipofariki mwezi Aprili mwaka 2013 dunia nzima ilitangaziwa. Hatudhani kuwa tuzo ilimwongezea kitu. Jambo moja tu latuudhi: sifa nyingi alizopewa zilikuwa za umri wake, za ajabu ya bibi kizee aimbaye na kuvuta sigara, na ni wachache waliosema neno lolote juu ya namna alivyoimba.

Sasa tugeukie jambo lililo ndani ya lugha yetu wenyewe. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi vyake. Yeye ni yeye. Mpenzi, muhibu, lulu, tausi, wote hao waweza kuwa mke au mume. Washairi tunaupenda uficho huo na tunautumia. Lakini yapo maneno machache yanayolifunua pazia, na katika wimbo maneno hayo yana nguvu ya pekee. Mojawapo ni kitenzi cha kuoa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Katika wimbo wa Malaika, ambao Fadhili William aliutia katika santuri na ambao watu zaidi ya mmoja wamedai utunzi wake, asemaye ni kijana fukara asiyeweza kuoa kwa kukosa mali. Wimbo huo Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri ya mwaka 1965, akauimba pia peke yake katika majukwaa ya nchi nyingi. Yeye hakuwa Mswahili, na masikio yetu yanalijua hilo. Wala hakukigeuza kitenzi kile ili kiafiki hali yake. Alikiacha kama alivyokikuta. Basi mwanamke asimama na kuimba maneno ya mwanamume aliyeshindwa na mahari. Je, ni kosa? Tulipokuwa vijana tulisema ni kosa, na tulicheka. Leo twasikia vingine. Kinywani mwa kijana, wimbo ule ni malalamiko. Kinywani mwa Makeba, ambaye hausukumi wala haulilii, ni kana kwamba yule aliyelilia kuoa ameondoka zamani, na malaika mwenyewe amebaki akiyakariri maneno yake. Hakuna neno lililobadilika, wala mizani, wala kina. Kilichobadilika ni kinywa.

Kinyume chake ni wimbo wa Kida Waziri akiwa na Vijana Jazz katika miaka ya 1980, unaowahusu mawifi. Neno wifi ni la wanawake peke yao. Mwanamume ana mashemeji. Wimbo kama huo hauwezi kuimbwa na mwanamume isipokuwa kwa mzaha, na tulipousikia katika redio ya mbao nyumbani, nasi tukiwa wanafunzi, tuliona jinsi akina mama walivyoacha walichokuwa wakikifanya. Walikuwa wamezoea dansi kuwa ni mazungumzo ya wanaume. Tangu Dar es Salaam Jazz Band ilipoanza mwaka 1932, hata zilipokuja Morogoro Jazz na Western Jazz, bendi zetu zilikuwa na waimbaji wanaume, tena wengi na wazuri, wakiwaimba wanawake pasipo kuimba nao. Sababu si siri. Dansi lilipigwa usiku katika vilabu vya pombe, na bendi zilisafiri. Jina la binti wa watu halikuweza kustahimili safari hizo. Taarabu iliwapa wanawake hadhara ya arusi, yenye heshima yake. Kwa hiyo mwalimu akitaka wanafunzi wake wazijue sauti za wanawake katika muziki wa dansi, ajue kwamba atatafuta sana na kupata kidogo, na kwamba uchache huo wenyewe ni habari ya kufundishwa.

Na kwa kuwa neno jazi limetajwa, wanafunzi wetu wajue kuwa kwetu lilikuwa jina la bendi zaidi ya jina la muziki. Jazi ya Marekani ni kitu kingine. Hata hivyo tumejifunza kitu kwa Billie Holiday, aliyefariki mwaka 1959. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikupanda juu sana wala kushuka chini sana, na nyimbo nyingi alizoimba zilitungwa na wengine. Alichokuwa nacho ni ucheleweshaji. Muziki hufika, yeye bado. Neno laja nyuma kidogo ya pigo, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Tulipomsikia tulimkumbuka papo hapo Shakila Saidi wa Tanga.

Shakila, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016, aliimba na Black Star, kisha Lucky Star. Vikundi hivyo vya Tanga katika miaka ya 1960 na 1970 viliipunguza taarabu, wala hatusemi kwa ubaya: badala ya fidla nyingi na ganuni wakatia magitaa na besi, na watu wachache. Kundi likipungua, sauti hubaki wazi. Mwimbaji aliyezoea kuegemea fidla kumi huanguka mara moja akiondolewa. Shakila hakuanguka. Sikiliza Macho Yanacheka. Jina lake tu limekwisha kutuonya kuwa kuna kitu kingine kisichocheka, na mwimbaji wa kawaida angekimbilia kilio tangu ubeti wa kwanza. Shakila halii. Sauti ni nyororo, karibu ya mtoto, na huzuni yote ameiweka katika kuchelewa kwake na katika namna anavyoiacha silabi ya mwisho ififie kabla gitaa halijamjibu. Ukiyanakili maneno yale ubaoni utapata shairi zuri la mapenzi, la kawaida. Hiyo nusu ya pili haiandikiki. Mombasa nako Zuhura Swaleh, kwa mapigo ya chakacha na sauti kali isiyoomba radhi, angetupa somo la kinyume, ila nafasi hairuhusu.

Wasikilizaji wasiokwenda shule wanalijua jambo hili kuliko sisi. Katika taarabu mtu huinuka kwenda kutunza, na hainuki ovyo. Husubiri mahali fulani katika wimbo. Twapenda kuketi nyuma na kutazama ni wapi watu wanainuka. Mara nyingi si penye tamathali ile ambayo mshairi aliikesha.

Na sasa tuungame. Mwaka 1996, tukiwa karani katika ofisi ya wilaya na mshairi mwenye kiburi cha ujana, tulitunga wimbo wa beti nne tukakipa kikundi kimoja cha taarabu. Ubeti wa tatu ndio tuliouona kilele chake. Siku ya kuimbwa tulivaa shati jipya. Mwimbaji, mama wa makamo, aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, akarudia wa pili, akaingia wa nne. Wa tatu haukuonekana. Zaidi ya hayo, mahali tulipoweka kituo, penye mizani ya nane, yeye alipita bila kusimama akaja kusimama katikati ya neno. Tulimngoja nje baada ya onyesho na kumweleza, kwa maneno yasiyo ya adabu sana, kwamba ameliharibu shairi la watu. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, ubeti ule hauna pa kuvuta pumzi."

Tulirudi nyumbani tukiwa na hasira, tukalifungua daftari. Ubeti wa tatu ulikuwa sentensi moja, iliyoanza mizani ya kwanza na kwisha ya mwisho. Vina vyake vyote vilikuwa vya u, irabu inayoufumba mdomo, ambapo wa pili ulikuwa na a, naye aliurudia. Tulijaribu kuuimba peke yetu chumbani, polepole, kama alivyokuwa akiimba yeye. Hatukufika mstari wa pili.

Hatukurudi kumwomba radhi, na haikuchukua miaka mingi tukasikia kuwa amefariki. Wimbo ule watu waliuimba mitaani kwa muda, beti tatu, kwa kituo chake yeye. Daftari tunalo bado. Ubeti wa tatu tumeupiga mstari mmoja wa penseli, mwembamba, nao bado wasomeka.