Fidia ya karata moja haitoshi

Wandugu, mabadiliko yakitoka kwenye michezo ya karata za simu, wengi wanasema: "Sasa mchezo uko sawa." Sawa kwa nani?

Tuangalie Hearthstone. Mwezi wa 9, 2014, Blizzard ilipandisha bei ya Leeroy Jenkins toka mana 4 mpaka 5. Kumtupa, kumrudisha mkononi na Shadowstep, kumtupa tena: mana 6 ikawa 8. Deki zilizomtegemea amalize mchezo zikalegea.

Kampuni ilirudisha bei kamili ya karata hiyo, vumbi 1600 badala ya 400 ya kawaida. Vizuri. Lakini deki ina karata 30. Zile ulizotafuta juu ya Leeroy peke yake, hakuna fidia. Mwenye pesa anajenga deki ingine kesho. Asiye nazo anabakia na marundo.

Kupunguza karata yenye kuzidi ni lazima, sipingi. Ila njo maana kuiga deki moja ni hatari: ni shamba la mihogo ya mbegu moja, mozaiki ikiingia inamaliza yote. Mwenye vumbi kidogo, anza na karata zinazoingia katika deki tatu ao ine.