Mikono Juu, kwa Amri ya Nani?
Jumapili hapa Machakos, kiongozi wa sifa hushika maiki: "Inua mikono!" Nami nainua, huku nikichungulia nani hajainua. Ishara yenyewe ni nzuri. Hata barua ya kwanza kwa Timotheo inaitaja. Kinachonikera ni amri. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Nzaui mwaka 1895, na waumini wao wakafunzwa kuachana na ngoma kama kilumi, ambamo wanawake wazee waliomba mvua kwa mwili mzima. Leo mwili umerudi kanisani, sawa, ila unacheza kwa ruhusa ya maiki. Nyanya mmoja wa benchi la nyuma hainui kitu. Anapiga magoti polepole, kiganja sakafuni. Hakuna aliyemwambia.