Kuteleza Si Kuanguka? Filamu Mbili za Theluji na Kifaa Kisichotazamwa

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Ni methali ya kumpa moyo mtu aliyejikwaa: bado umesimama, jipange, endelea na safari. Sasa hebu ichukue methali hiyo uipeleke kwenye mteremko wa barafu ulio juu ya mita 7,000, umvalishe mtu skii miguuni, halafu uone kama itasimama. Huko juu mtu akianguka haishii pale alipoangukia. Anaendelea kwenda, na mlima ndio unaoamua wapi atasimama.

Nimekuwa nikiitafakari methali hii tangu nilipotazama kwa kufuatana filamu mbili za hali halisi, "The Man Who Skied Down Everest" ya mwaka 1975 na "McConkey" ya mwaka 2013. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa theluji. Nimezitazama kama mwandishi anavyoitazama kazi ya msimulizi mwenzake: nini kimeonyeshwa, nini kimepitwa haraka, na nani amelipa gharama ya hadithi.

Tuanze na ile ya zamani. Tarehe 6 Mei 1970, Mjapani Yuichiro Miura alianza kuteleza kutoka South Col, karibu mita 8,000 juu ya usawa wa bahari, akiwa na mwavuli mgongoni wa kumpunguzia kasi. Filamu yake ilitengenezwa na kampuni ya Kanada, Crawley Films, ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu ya hali halisi. Simulizi yake imetokana na shajara ya Miura mwenyewe, na anayeisoma ni Douglas Rain, yuleyule aliyekuwa sauti ya kompyuta HAL kwenye "2001: A Space Odyssey". Ni sauti isiyopanda wala kushuka. Mtu anakikaribia kifo na msomaji anaendelea kusoma kama anayesoma barua ya kawaida. Wapo watakaoona ni ubaridi. Mimi naona utulivu huo ndio ulioiokoa filamu isigeuke tangazo la ushujaa.

Kisha yanakuja mambo yenyewe. Mwavuli ulifunguka, lakini haukumtii kama ilivyotarajiwa. Miura akapoteza udhibiti kwenye barafu ngumu, akaanguka, akaporomoka karibu mita 400, akaja kusimama takriban mita 75 tu kabla ya ufa mkubwa wa barafu. Yote hayo ndani ya dakika mbili na ushee. Kwa hiyo jina la filamu lina chumvi: sehemu ya mwisho mtu huyu hakushuka kwa skii, alishuka kwa mgongo na kwa bahati. Lakini filamu yenyewe haidanganyi. Inatuacha tulione umbo dogo la binadamu likiporomoka, mpaka mtazamaji anajikuta anaubana mkono wa kiti. Hapo kuteleza na kuanguka vimekuwa kitu kimoja.

Sasa nije kwenye kifaa. Kati ya kiatu na ubao wa skii kuna kifungio, mashine ndogo yenye springi, ambayo kamera huwa haina haja nayo. Zamani kilikuwa na kazi moja tu, kushika. Ukianguka, ubao unageuka na mguu unageuka nao, mfupa unavunjika. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, mzaliwa wa Norwe aliyeishi Oregon, Marekani, alivunjika mguu kwenye Mlima Hood. Wazo la kifungio kinachoachia lilimjia akiwa hospitalini, na mwaka 1939 akapata hataza yake. Tangu hapo kifungio kimekuwa na kazi mbili zinazopingana: kushika na kuachia. Fundi hukirekebisha kwa kuangalia uzito wa mtu, urefu wake, umri, urefu wa soli ya kiatu na namna anavyoteleza.

Kwenye mteremko wa kawaida, kifungio kikiachia mapema utaanguka, utajikung'uta theluji, utacheka. Kwenye mteremko mkali, kikiachia kabla ya wakati umebaki na mguu mmoja juu ya barafu, na chini yako kuna mwamba. Ndiyo maana wapo wanaotumia vifungio vyepesi vya kupandia milima ambao hufunga kabisa sehemu ya mbele ili isiachie hata kidogo. Lakini nao wanajua bei yake. Maporomoko ya theluji yakiwakuta, zile mbao zisizoachia zitawavuta chini. Kinachoachia mapema kinaua, na kinachokataa kuachia kinaua pia. Basi kifungio cha kuaminika ni kile kinachojua wakati, na huo ujuzi umewekwa na mikono ya mtu kabla ya safari kuanza.

Filamu ya pili inatuonyesha upande huo mwingine. Shane McConkey alikuwa mchekeshaji aliyezaliwa na skii miguuni. Filamu imejaa utani wake, mavazi ya ajabu, na zile nyakati ambapo alithubutu kuteleza milima ya Alaska kwa mbao za kutelezea majini. Hakuwa mzaha mtupu. Fikra zake zilibadilisha umbo la skii zinazotumika leo kwenye theluji laini. Baadaye akaunganisha skii na kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye majabali. Tarehe 26 Machi 2009, katika milima ya Dolomites nchini Italia, aliruka, na skii zikakataa kuachia kama ilivyopangwa. Akiwa angani alihangaika kuzitoa. Zilipotoka, muda wa kufungua mwavuli ulikuwa umekwisha. Alikuwa na miaka 39, ana mke na binti mdogo.

Waongozaji wanaujua huzuni, na wanaishughulikia familia kwa heshima. Lakini ningetaka wakae zaidi na kile kifaa. Filamu inapenda kutuambia kwamba alikufa akifanya anachokipenda. Jamani, sentensi hiyo tumeizoea mno misibani, na kazi yake ni kutufunga midomo. Alichokipenda kilitegemea chuma kidogo kilichopaswa kuachia. Kuuliza kwa nini hakikuachia si kumvunjia marehemu heshima.

Hapo ndipo filamu ya Miura, pamoja na umri wake, inapoizidi. Inakubali kubeba swali lisilo na jibu. Mwezi mmoja kabla ya kuteleza kwake, tarehe 5 Aprili 1970, Sherpa sita wa msafara ule waliangukiwa na barafu katika maporomoko ya Khumbu, wakafa. Hawakuwa na skii wala hawakuwa wakitafuta rekodi. Walikuwa kazini. Simulizi inasita, inajiuliza kama safari iendelee, kisha inaendelea. Hapo sauti ya Rain, ambayo nimeisifu, inanikwama kooni. Utulivu unaomfaa mtu anayehatarisha roho yake mwenyewe hauwatoshi watu sita waliokufa kwa ndoto ya mwingine. Msomaji wa huku kwetu halihitaji somo hili. Habari ngapi za Kilimanjaro tumezisoma ambapo mgeni aliyefika kileleni ana jina na umri, na wapagazi ni idadi tu?

Miura alirudi Everest na kufika kileleni akiwa na miaka 70, kisha 75, kisha 80. Ni maisha ya kustaajabisha, na simnyimi heshima yake. Ila uimara wa msafara haupimwi kwa kile kilichomshika nyota peke yake. Unapimwa pia kwa wale waliofungwa kwenye kamba ileile, na kama hadithi imewashika au imewaachia mapema.

Zitazame zote mbili, na uanze na ya Miura. Usiikimbilie ile sehemu ya kuanguka ambayo kila mtu huitafuta. Na ukifika kwa wale Sherpa sita, tafadhali, usiinuke kwenda kuchemsha chai.