Meza ya Jirani: Punguzo Litoke Fungu Gani?

Seremala mmoja wa Keko, Dar es Salaam, aliombwa na jirani yake meza ya chakula ya watu sita, ya mninga. Bei haikuulizwa. "Fundi, wewe nifanyie tu, tutaelewana," alisema jirani, kisha baadaye akadokeza kuwa ana laki nne. Meza ilitoka kwa shilingi 532,000, na hakuna aliyenuna. Namna fundi alivyoifikia namba hiyo ni somo zuri, kwa sababu mafundi wengi humpunguzia jirani kabla hawajajua wanapunguza kutoka kwenye nini.

Alianza na mbao. Meza ilitakiwa iwe na urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, na mbao zilizokuwepo ni za moja kwa nane, futi 12. Ukikata ubao katikati unapata vipande viwili vya futi 6. Lakini inchi 8 za dukani si inchi 8 za mezani: ukinyoosha kingo na kupitisha randa ili vipande vishikane kwa gundi bila mwanya, unabaki na kama inchi 7. Vipande vitano vinatoa inchi 35, na upana unaotakiwa ni 36. Inchi moja hiyo inadai kipande cha sita, yaani ubao wa tatu utumike mzima. Uso wa meza una futi za mraba 18, mbao zilizolipiwa ni futi za mraba 24. Robo nzima imekwenda kwenye vumbi, maranda na masalio. Anayekadiria kwa kuitazama meza iliyokamilika hawezi kuiona robo hiyo.

Ubao wa nne ulipasuliwa kwa ajili ya fremu inayobeba uso. Miguu, ya inchi 3 kwa 3 na urefu wa inchi 29, ilikula futi 9 na inchi 8 za gogo la futi 12.

Daftari lake lilisomeka hivi. Mbao nne kwa 48,000 kila moja, 192,000. Gogo la miguu, 55,000. Gundi, msasa, sila, vanishi, tina na skrubu, 65,000. Kuranda na kupasua mashineni, 20,000. Guta la kuleta mbao, 10,000. Jumla ya vifaa na huduma za nje ni 342,000.

Kisha akaandika kile ambacho wengi hukiacha. Siku zake nne kwa 35,000, 140,000. Siku tatu za msaidizi kwa 15,000, 45,000. Karakana, yaani kodi ya eneo, umeme na kunoa vifaa, 10,000 kwa siku, 40,000. Gharama zote zikafika 567,000. Akaongeza faida ya 83,000, karibu asilimia 15 ya gharama, bei ikawa 650,000.

Sasa irudie laki nne ya jirani. Ukitoa vifaa inabaki 58,000. Mlipe msaidizi, inabaki 13,000. Hiyo haifikii hata nusu ya gharama ya karakana, na fundi mwenyewe hajapata senti. Angeikubali, angekuwa amelipa 27,000 kutoka mfukoni ili apate ruhusa ya kufanya kazi siku nne.

Hapo ndipo ujirani unapoharibika kimyakimya. Fundi aliyekubali bei isiyolipa hasemi kitu. Anaifidia kwenye kazi. Anachukua mbao ambazo hazijakauka vizuri, ambazo baadaye zitajikunja na kuachana. Badala ya kuchonga ulimi unaoingia kwenye tundu la mguu, anagongelea misumari. Au anaacha kazi ikae pembeni kila anapoingia mteja wa bei kamili. Jirani anadhani amepata nafuu, kumbe tofauti anailipa kwa miezi ya "njoo wiki ijayo".

Fundi wa Keko alipunguza kwa mpangilio. Duka la mbao halimjui jirani yake, wala msaidizi hana undugu naye, kwa hiyo mafungu hayo hayakuguswa. Alichokuwa nacho cha kutoa ni chake peke yake: faida yote, 83,000, na ujira wake wa siku moja, 35,000. Jumla 118,000. Ikabaki 532,000, na siku zake tatu zimelipwa.

Kuhusu jirani mwenye laki nne, aliwekewa njia mbili wazi. Aongeze kidogo kidogo hadi siku ya kukabidhiwa, au meza itengenezwe kwa paini, ambayo ni rahisi zaidi. Akachagua ya kwanza.

Hatua ya mwisho ilikuwa malipo ya awali. Desturi ya vijiwe vingi ni nusu, lakini nusu ya 532,000 ni 266,000, na vifaa ni 342,000. Pengo la 76,000 lingezibwa na advansi ya mteja mwingine, ambaye naye mbao zake zingengoja advansi ya mteja wa tatu. Ahadi nyingi za kesho na keshokutwa karakanani huzaliwa hapo. Fundi alidai 342,000 kamili kabla ya kwenda kununua ubao hata mmoja, na jirani, aliyekuwa nazo, akatoa.

Kwenye risiti aliandika mistari mitatu: bei 650,000; punguzo la ujirani 118,000; malipo 532,000. Mstari wa kati una kazi mbili. Unamwonyesha jirani ukubwa wa alichopewa, maana zawadi isiyotajwa huhesabiwa kuwa ndiyo bei. Pia unailinda oda ijayo. Meza mpya sebuleni huulizwa bei na kila mgeni, na shemeji wa jirani akija karakanani na namba aliyoisikia, namba hiyo inapaswa kuwa laki sita na nusu.