Mtandamboo hautaki friji

Maelekezo mengi ya kuotesha vichaka vya mapambo vyenye vitunda yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na kichaka wanachokisifu sana ni kotoneasta, mmea wa milima ya China na Himalaya unaotambaa chini na kujaa vitunda vyekundu. Mbegu yake ina vizuizi viwili. Ganda ni gumu kiasi kwamba vitalu vya biashara hulilainisha kwa asidi ya salfa, na kiini kilichomo hakiamki mpaka kipitie miezi ya ubaridi wenye unyevu, karibu na nyuzi 4. Anayetaka kuiotesha hapa Bariadi, mkoani Simiyu, itabidi achanganye mbegu na mchanga wenye unyevu, aziweke kwenye friji kama miezi mitatu, na aombe umeme usikatike. Inawezekana. Ila sioni sababu ya kuhangaika hivyo wakati vichaka vya kwetu vina mtandamboo.

Wataalamu wa mimea wanauita Carissa spinarum. Majani yake hubaki kijani mwaka mzima, maua ni meupe na yananukia, na tunda huiva hadi kuwa jeusi la zambarau. Watoto wanaochunga ng'ombe wanalijua kuliko afisa misitu yeyote. Mbegu yake haihitaji kuchomwa, kukwaruzwa wala kupoozwa. Kinachohitaji kazi ni tunda.

Chuma lililoiva kabisa, ambalo ukilibonyeza linabonyea. Likipasuka hutoa maji matamu na utomvu mweupe unaoganda vidoleni, na mara nyingi ndani mna mbegu mbili hadi nne, bapa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaanika tunda zima juani kama mahindi, kisha wanashangaa mbegu zimekufa au zimeota kuvu. Nyama ya tunda ina sukari, na sukari huita kuvu na sisimizi kwenye tuta. Loweka matunda usiku mmoja, yasugue kwenye chekeche huku ukimwaga maji, tupa zinazoelea, kisha tandaza mbegu kivulini mpaka zikauke juu tu. Halafu sia. Mbegu mbichi ndiyo yenye uhakika. Ya kwenye pakiti iliyokaa dukani mwaka mzima ni bahati nasibu.

Kazi hii ya chekeche ndege wanaifanya bure. Wanameza tunda, nyama inasagwa tumboni, mbegu inadondoka safi. Mkoa huu una ushahidi mkubwa wa jambo hilo. Kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, Bariadi ilikuwa sehemu ya Shinyanga, nako mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa imefyekwa kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa kwenye vitalu na miche, lakini mchwa, mifugo na ukame viliifanya kazi hiyo kuwa ghali. Kilichobadili sura ya eneo ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi. Eneo likifungwa, visiki huchipua na mbegu zilizoletwa na ndege na wanyama huota zenyewe. Kutoka kama hekta 600 mwaka 1986, ngitili zilifika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi ya HASHI ikatambuliwa katika Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ndege, hata hivyo, hapandi kwa mstari. Anayetaka uzio wa nyumbani atahitaji viriba. Mchanganyiko uwe mwepesi: udongo wa juu kutoka chini ya miti, mchanga, samadi iliyoiva. Usijaze viriba kwa udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa unaziba, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Luseni, ule wa kichanga wa juu ya miteremko, unafaa zaidi. Funika mbegu kidogo tu, weka kichanja cha nyasi, mwagilia asubuhi. Anayemwagilia jioni kila siku anakaribisha kinyausi. Mche hukua polepole mwanzoni, kwa hiyo usiukatie tamaa. Upelekwe shambani mvua zikishatulia, ukiwa tayari umezoeshwa jua, ili mizizi iwe imeshuka kabla ya kile kipindi cha ukavu cha Januari na Februari. Miiba ya mche mchanga bado ni laini, na mbuzi wanalijua hilo. Zungushia matawi ya mgunga.

Umbo la chini halitoki kwenye mbegu. Mtandamboo ukiachwa unaweza kufika mita tano. Kata ncha mapema ili utoe matawi ya pembeni, kisha rudia kila unapojaribu kuinuka. Yupo ndugu yake kutoka pwani ya Afrika Kusini na Msumbiji, Carissa macrocarpa, mwenye aina fupi zinazotambaa. Mbegu zake huota kama katika wiki mbili, ila miche hutofautiana sana, hivyo ufupi wa mama hauna uhakika wa kurithiwa. Aina hizo huzalishwa kwa vipandikizi: tawi changa hukatwa nusu ya unene, likaachwa lining'inie kwenye mti kama miezi miwili mpaka kidonda kifanye kovu, ndipo linapoondolewa na kuchomekwa mchangani kivulini. Mizizi hutoka ndani ya mwezi mmoja.

Maua hutokea kwenye ncha za matawi, na mkasi unakata ncha hizo hizo. Mwenye kutaka uzio ulionyooka na matunda pia, anyoe upande wa barabarani na kuuacha wa ndani.