Kubadili Boljointi Ibaba: Spea Ndiyo Inayochagua Zana

Pikapu inayofanya kazi Ibaba, kwenye milima ya wilaya ya Ileje mkoani Songwe, huchoka miguu ya mbele mapema. Hupanda na saruji na mabati, hushuka na mahindi, maharage au kahawa. Lami ya Mpemba hadi Isongole imewapunguzia adha watu wa Ileje, lakini ukishaiacha unarudi kwenye udongo na mawe. Masika yanapokolea, magurudumu yanaogelea kwenye tope; kiangazi kikiingia, tope lilelile linakuwa vumbi. Katika yote hayo, kiungo kinachoumia kimyakimya ni boljointi.

Boljointi ni tufe la chuma lililofungiwa ndani ya kikombe chenye grisi. Kikombe hukaa kwenye mkono wa gari, na shina la tufe huingia kwenye nako, yaani kile chuma kinachobeba habu ya gurudumu. Kuna mitindo ambayo mpangilio huo umegeuzwa, lakini kazi ni ileile: kuruhusu gurudumu lipande, lishuke na kukata kona kwa wakati mmoja. Mpira wa kuzuia vumbi ukichanika, maji na mchanga huingia, grisi hutoka na tufe huanza kulika. Likilika kupita kiasi huchomoka kikombeni, na gurudumu hulala ubavu gari likiwa mwendoni. Kwenye mteremko wenye korongo upande mmoja, hilo ni jambo la uhai na kifo.

Kwa hiyo namna kiungo hiki kinavyobadilishwa inastahili kuchambuliwa. Katika gereji nyingi za vijijini kazi hufanywa kwa nyundo, tindo na mtarimbo. Gari hutoka likitembea, mwenye gari hulipa na kushukuru. Uharibifu uliofanywa na nyundo huonekana baadaye, wakati boljointi mpya inapoanza kugonga kabla ya msimu kuisha. Hoja yangu ni kwamba zana ichaguliwe kwa kuangalia umbo la spea yenyewe, wala si kwa mazoea ya gereji.

Kagua kabla ya kufungua

Hatua ya kwanza ni kujua kama gari lina boljointi hizo. Land Cruiser 79, na zile Hilux za zamani zenye majani ya springi mbele, zina ekseli nzima mbele, na nako zake huzunguka juu ya pini zenye beringi. Huko ukikuta mchezo, tatizo liko kwenye beringi hizo, kwenye beringi za habu au kwenye ncha za tairodi. Boljointi za mikono ziko kwenye pikapu ambazo kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake.

Hatua ya pili ni mahali pa kuweka jeki. Springi au fimbo ya msokoto ikiwa inasukuma mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo, karibu kabisa na boljointi. Hapo jeki ndiyo inayobeba nguvu ya springi, na boljointi inabaki huru. Ukiinua gari kwa chesisi, springi husukuma mkono chini na kukibana kiungo. Kibovu kitajifanya kizima. Jeki ikishakaa vizuri na gari likiwa juu ya stendi, pitisha mtarimbo chini ya tairi, nyanyua taratibu, na mwenzako aweke kidole kwenye maungio ya boljointi. Kinachotafutwa ni mwendo wa juu na chini. Kidole huusikia kabla jicho halijauona.

Jeki hiyo isiondolewe hapo wakati wa kufungua pia. Mkono wa chini umebeba nguvu ya springi, na ukiachiwa ghafla huweza kuvunja mguu wa fundi. Kwenye pikapu zenye fimbo ya msokoto, fundi makini hupima na kuweka alama kwenye bolti ya kurekebishia kabla ya kuilegeza, ili kimo cha gari kirudi kilivyokuwa.

Shika spea mpya mkononi

Spea mpya husema yenyewe inahitaji zana gani. Ikiwa na masikio yenye matundu, boljointi hiyo hufungwa kwa bolti. Hapo spana nzuri, soketi na mafuta ya kulegeza kutu vinatosha, na presi haina kazi. Zikiwepo ribiti za kiwandani, vichwa vyake hukatwa kwa grainda au kutobolewa kwa drili, kisha bolti ngumu zilizokuja na spea huchukua nafasi yake.

Ikiwa ni mduara mtupu wenye mfereji wa siklipu, hiyo huingizwa kwa kubanwa. Tundu la mkono ni dogo kidogo kuliko boljointi, na ule mkazo wa chuma kwa chuma ndio unaoishikilia. Hapa ndipo nyundo hufanya madhara. Kila pigo lisilonyooka huinamisha boljointi ndani ya tundu, na tundu hupoteza uduara wake. Boljointi ikianza kucheza, wapo wanaoipiga nukta za kuchomelea ili isitoke. Moto huo huunguza grisi na ule utando wa plastiki ulio ndani ya boljointi nyingi za kisasa, na hudhoofisha chuma cha mkono. Mkono uliopoteza tundu lake hauna dawa nyingine zaidi ya kubadilishwa, na bei yake ni kubwa kuliko ya boljointi.

Kuna aina ya tatu: boljointi isiyouzwa peke yake, inayokuja na mkono mzima. Hapo zana za kufungulia bushi za mkono ndizo zinazohitajika.

Kuchomoa shina

Aina zote hukutana kwenye kikwazo kimoja, nacho ni shina. Shina hilo ni pana upande mmoja na jembamba upande mwingine, mara nyingi kwa uwiano wa 1 kwa 8: kila milimita 8 za urefu, unene hupungua milimita 1. Nati inapokazwa, shina huvutwa ndani ya tundu la nako na kujibana kama kabari kwenye mpini wa shoka. Ndiyo maana nati ikishafunguliwa shina bado halitoki.

Zana za kulitoa ni tatu. Ya kwanza ni tindo la mdomo wa uma, linalopigwa kati ya nako na mkono. Ni rahisi na lina nguvu, lakini huchana mpira wa vumbi karibu kila mara. Litumike pale tu ambapo boljointi hiyo inatupwa. Fundi anayelitumia kwenye kiungo kizima ili apate nafasi ya kubadili kingine ameshamtengenezea mteja ubovu mwingine. Ya pili ni nyundo mbili: moja nzito huegemezwa upande mmoja wa jicho la nako, nyingine hupiga upande wa pili. Jicho hutikisika kidogo na kabari huachia. Mbinu hii haiharibu mpira, ila inahitaji nafasi na mkono wenye shabaha. Ya tatu ni pula ya mdomo, inayoshika jicho la nako na kulisukuma shina kwa bolti. Hiyo ndiyo bora, kwa sababu nguvu yake imenyooka na inadhibitika.

Kwa zana yoyote kati ya hizo, nati ibaki imeshika hesi chache za mwisho. Shina linapoachia hutoa mlio mkubwa na kuruka. Nati ndiyo inayozuia mkono kumrukia fundi. Mpira wa breki usiachwe ukibeba uzito wa nako, na kwenye gari la foo-wili nako isivutwe nje mpaka shafti ichomoke.

Kuingiza kwa presi

Kwa boljointi za kubanwa, zana ya kumiliki ni presi ya mkono yenye umbo la herufi C, pamoja na seti ya vikombe. Hutumika mkono ukiwa bado kwenye gari. Vikombe ndivyo vinavyofanya kazi iwe sahihi: kikombe cha kupokelea kiwe kipana kuliko boljointi ili ipite, na kikombe cha kusukumia kikae kwenye ukingo wake mnene, kamwe si kwenye kifuniko chembamba cha katikati. Tundu lisafishwe kutu kwanza, na hesi za presi zipakwe grisi. Ikianza kuingia upande, simama, irudishe, anza upya.

Presi kubwa ya hadroliki ya tani 20 hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini inataka mkono ufunguliwe wote, kisha usafirishwe hadi Tunduma au Mbeya na kurudishwa. Kwa fundi wa Ibaba, umbali huo ndio unaoipa presi ya mkono thamani yake.

Mwisho ni kukaza. Nati nyingi za boljointi za pikapu hutaka zaidi ya Nm 100. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Toki renchi ndiyo zana yake. Asiye nayo anaweza kutumia mizani ya kuning'iniza inayopimia mazao: ifunge kwenye mpini wa spana, sentimita 50 kutoka katikati ya nati, uivute kwa pembe mraba. Ikisoma kilo 28, umefika takribani Nm 137. Kama tundu la koteri pini halijalingana na nati ya taji, kaza mbele kidogo mpaka lilingane; usilegeze kurudi nyuma. Kisha gari liende kupimwa alaimenti, la sivyo tairi mpya zitalika upande mmoja.

Nini kinunuliwe kwanza

Kwa gereji inayoanza, mpangilio wangu ni huu: stendi imara, pula ya mdomo, presi ya mkono na vikombe vyake, kisha toki renchi. Tindo la uma lije mwisho. Fundi mmoja huenda asimudu vyote, lakini kikundi kinaweza. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana mafundi wa Ileje wakijiunga na kuomba seti moja ya kuazimana, presi hiyo itahudumia gereji kadhaa kwa miaka. Nao wenye magari wawaunge mkono kwa kukubali kulipia kazi iliyofanywa kwa zana hizo, kwa kuwa wao na abiria wao ndio wanaoshuka mlima juu ya kiungo hicho.